Baba ameacha vidonge, anakunywa mdalasini na manjano: viungo vinatibu?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, ana kisukari aina ya pili na presha, huu ni mwaka wa saba. Anatumia metformini na amlodipini. Tangu miezi miwili iliyopita, kila asubuhi anakoroga kwenye maji ya moto kijiko kikubwa cha mdalasini na kingine cha manjano, anaongeza pilipili manga na punje mbili za kitunguu saumu. Anasema anasikia nafuu, na wiki iliyopita aliacha vidonge vyote. Mdogo wangu naye anamshauri aache nyama kabisa, ale mimea tu. Nimewaomba wasubiri nikuulize. Je, viungo vinatibu? Na chakula cha mimea kinaweza kuchukua nafasi ya dawa?

Jibu: Marahaba. Nikusahihishe kidogo kwanza: mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, kwa hiyo kuanza, kupunguza au kuacha dawa si jambo la kuamua mimi. Ila kwa kuwa mzee ameshamaliza wiki nzima bila vidonge, usisubiri kufika mwisho wa jibu hili. Mpigie leo aliyemwandikia dawa, mweleze ni siku ngapi zimepita, mwulize azirudie vipi. Asije akafidia kwa kumeza viwili viwili. Presha na sukari zipimwe leo pia. Na kama ana maumivu ya kifua, au upande mmoja wa mwili umelegea, au ana kiu isiyokatika pamoja na kuchanganyikiwa, achana na simu, mpeleke hospitali.

Hilo la "anasikia nafuu" silidharau, ila halinitoshi. Presha ya 170 kwa 100 inaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma popote, na sukari iliyopanda kiasi nayo haipigi hodi. Mtu akiniambia kinywaji fulani kimemponya, huwa namwuliza: kabla ya hicho, asubuhi ulikuwa unakunywa nini? Mara nyingi jibu ni chai ya vijiko vitatu vya sukari. Basi kama mzee amebadilisha chai hiyo kwa maji ya mdalasini, nafuu ipo kweli, lakini sifa apewe sukari iliyoondoka, si mdalasini ulioingia. Mwulize.

Sasa twende kwenye kikombe chenyewe. Nilipolisoma swali lako nilitoa mizani ya jikoni nikapima. Kijiko cha chai cha mdalasini wa unga, kikiwa kimesawazishwa, kilikuja gramu 2.5 hivi. Kijiko kikubwa ni karibu mara tatu ya hicho, na ukikiacha na kilima chake unafika gramu 8 bila kutaka. Ishike hiyo 8.

Mdalasini unaouzwa duniani ni wa aina mbili kuu. Kuna wenye asili ya Sri Lanka, uitwao mdalasini wa Ceylon, na kuna kasia, inayotoka zaidi China, Indonesia na Vietnam. Ukishasagwa, kuutofautisha kwa macho ni kazi. Kijiti kizima ndicho kinachojitaja: wa Ceylon ni magamba membamba mengi yaliyoviringwa pamoja kama sigara, unauvunja kwa vidole; kasia ni gome moja nene, gumu, lililojikunja. Unga wa bei ya kawaida kwa kawaida ni kasia, kwa hiyo nitachukulia kuwa mzee anakunywa hiyo mpaka uniambie vingine.

Kasia ina kumarini, kemikali ya asili ambayo kwa baadhi ya watu huumiza ini. Mdalasini wa Ceylon unayo kidogo mno. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kiwango cha kila siku kisichozidi miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Tuseme mzee ana kilo 70: fungu lake ni miligramu 7. Taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula ilipima kasia ikakuta wastani wa miligramu 3 hivi za kumarini katika kila gramu. Gramu 8 mara 3 ni 24. Yaani kila asubuhi mzee anapita fungu lake zaidi ya mara tatu, kwa miezi miwili. Sisemi ini limeharibika. Wengi hawapati lolote, na wanaopata mara nyingi hurudi sawa wakiacha. Lakini kwa kuwa anakwenda kupimwa, mwombe daktari aongeze kipimo cha ini kwenye karatasi.

Na faida yake? Mwaka 2003 utafiti wa Pakistan uliwapa wagonjwa wa kisukari mdalasini wa gramu 1, 3 au 6 kwa siku, kwa siku 40. Walikuwa watu 60, nusu yao wakipewa vidonge vitupu ili walinganishwe. Sukari ya waliokula mdalasini ilishuka kwa asilimia 18 hadi 29. Habari hiyo ilizunguka dunia na mpaka leo inazunguka. Iliyofuata haikuzunguka: majaribio ya nchi nyingine yalitoa majibu yanayopingana, na mwaka 2012 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchuja majaribio ya tiba, ulijumlisha majaribio 10 yenye watu 577 ukahitimisha kuwa ushahidi hautoshi kuupendekeza mdalasini kama tiba ya kisukari. Majumuisho ya baadaye yanaonyesha sukari ya asubuhi kabla ya kula huenda ikashuka kidogo, lakini kipimo cha HbA1c, kile kinachosoma wastani wa miezi miwili hadi mitatu, hakitulii upande mmoja. Mimi kwa dalili hizo simwachishi mtu metformini.

Manjano yana jina kubwa kuliko kazi yake. Kinachosifiwa ndani yake ni kurkumini, ile rangi inayogoma kutoka kwenye vidole, na hiyo ni asilimia 3 hivi tu ya unga. Kijiko kikubwa cha gramu 9 kinampa mzee kama miligramu 270, wakati majaribio mengi hutumia vidonge vyenye mamia ya miligramu hadi gramu nzima na zaidi kwa siku. Hata hiyo 270 haifiki mbali. Kurkumini haiyeyuki kwenye maji, utumbo huipokea kwa shida, na kidogo kinachopenya ini hukigeuza na kukitoa upesi. Ikikorogwa kwenye maji ya moto hutuama chini ya kikombe. Mwangalie mzee, lazima anakoroga kila anapotaka kupiga funda. Mwaka 2017 wanakemia waliopitia tafiti za kurkumini, wakati huo majaribio kwa binadamu yakiwa yamepita 120, walisema bila kuzunguka kuwa hawakuona hata moja lililofanywa kwa kulinganisha na vidonge vitupu, mgonjwa na mtafiti wote wakiwa hawajui nani kapewa nini, ambalo lilifaulu. Kuna waliowapinga, na kwa maumivu ya magoti yapo majaribio madogo yenye kuleta matumaini. Lakini umbali uliopo kati ya "matumaini kwa magoti" na "acha vidonge vya presha" ni mkubwa sana.

Pilipili manga aliyoongeza mzee haikutoka hewani. Bila shaka amesikia kwamba inasaidia manjano kuingia kwenye damu, na ni kweli. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu wachache wenye afya gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ile kali iliyomo kwenye pilipili manga, na kiasi kilichofika mwilini kikaongezeka kwa asilimia 2,000. Wanaorudia namba hiyo husahau kueleza inakuwaje. Piperini huzuia vimeng'enya na pampu za utumbo na ini ambavyo kazi yake ni kuvunja na kutoa vitu vigeni. Mlinzi akilala, hapiti kurkumini peke yake. Dawa nyingi hupita mlango huohuo, amlodipini ikiwemo. Pilipili manga ya kunyunyizia kwenye chakula haina neno. Vidonge vyenye piperini iliyokolezwa ndivyo ambavyo mtu mwenye dawa za kila siku hatakiwi kuvigusa kabla ya kumwuliza mfamasia wake. Vidonge vya manjano vilivyotengenezwa ili vifyonzwe sana vimeshaleta kesi za homa ya ini isiyo ya virusi. Italia ilitoa tahadhari mwaka 2019, na Marekani madaktari wa ini wamekusanya kesi zao. Mshukuru Mungu mzee anatumia unga tu.

Unga nao una jambo lake, na ni risasi. Sizungumzii ya bunduki, nazungumzia madini. Huko Bangladesh wafanyabiashara walizoea kung'arisha manjano kwa kromati ya risasi, rangi ya njano ya viwandani, na waliipaka hata mizizi mizima kabla ya kusagwa, kwa hiyo ule ushauri wa "nunua mzizi usage mwenyewe" usingekuokoa. Mwaka 2019 sampuli 47 katika kila 100 za manjano ya sokoni zilikuwa na risasi. Serikali ikapiga faini, ikatangaza hadharani, ikapeleka wakaguzi na vipimo sokoni, na mwaka 2021 haikupatikana hata sampuli moja. Marekani mwaka 2023 mamia ya watoto walipata risasi kupitia matufaha ya kusagwa yaliyotiwa mdalasini uliochafuliwa. Mtu anayetia robo kijiko cha chai kwenye sufuria ya watu sita na mtu anayekunywa kijiko kikubwa peke yake kila siku hawabebi hatari moja. Na risasi, kati ya mabaya yake mengi, hupandisha presha.

Kitunguu saumu nakipenda, nakitetea, lakini kwa kiasi. Punje nzima haina harufu kwa sababu vitu viwili vinavyotengeneza alisini, kemikali ya ile harufu kali, hukaa vyumba tofauti. Ukiiponda vinakutana na harufu inazuka palepale. Moto huua kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, ndiyo maana inashauriwa ukiponda ukiache dakika 10 hivi kabla ya kukikaanga. Mzee akitumbukiza punje nzima kwenye maji yanayochemka, anakunywa kivuli cha kitunguu. Kwenye presha majaribio yanaonyesha hushusha kidogo kwa wenye presha ya juu. Kwenye lehemu mbaya, yaani kolesteroli, watafiti wa Stanford waliwapa watu 192 kitunguu saumu kibichi, au vidonge vyake vya aina mbili, au vidonge vitupu, siku 6 za wiki kwa miezi 6, wakatoa matokeo mwaka 2007: hakuna kilichobadilika. Tahadhari yake ni damu. Kikiliwa kingi hupunguza kuganda kwa damu, kwa hiyo mwenye kutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji amwambie daktari.

Mdogo wako akikuletea orodha ya viungo vyenye "antioksidanti" nyingi kuliko matunda yote, karafuu ikiwa juu kabisa, ujue ilikotoka. Wizara ya kilimo ya Marekani iliwahi kuchapisha jedwali la namna hiyo, likapimwa ndani ya vioo vya maabara. Mwaka 2012 ikaliondoa yenyewe, kwa sababu namba hizo hazisemi chochote kuhusu kinachotokea ndani ya mwili wa mtu, na waliokuwa wakizitumia zaidi ni wauzaji. Jedwali liliondoka, orodha zimebaki.

Pilipili kali ina habari ya kufurahisha zaidi. Mwaka 2015 watafiti waliofuatilia karibu watu 500,000 nchini China walitangaza kuwa wanaokula vyakula vya pilipili siku 6 au 7 kwa wiki walikufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 14, wakilinganishwa na wanaokula chini ya mara moja kwa wiki. Mimi ninayekula pilipili nilitabasamu. Halafu nikajikumbusha kuwa hawakugawiwa kwa kura. Walikuwa wanakula walivyozoea, na mtu anayependa pilipili hutofautiana na asiyependa kwa mengi: anakula na nini, ana afya gani ya tumbo, anaishi wapi. Mgonjwa mara nyingi huacha pilipili kwa sababu anaumwa. Ni dokezo zuri, si dawa.

Utasema nimekuvunjia kikombe chote. Nimekivunja kweli, lakini sijavitupa viungo. Nimevihamisha kutoka kikombeni kwenda kwenye chungu, na hapo ndipo penye jibu lako. Kazi ambayo viungo vinaifanya kwa uhakika haimo kwenye kemikali zake adimu. Imo kwenye ulimi: vinamfanya mtu ale sahani ya dengu na mboga yenye chumvi kidogo na arudie.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko cha chai kilichosawazishwa, tena ikihesabiwa na ile iliyojificha kwenye mkate, soseji na vipande vya kukolezea mchuzi. Wastani wa dunia ni karibu gramu 11. Kumwambia mtu "punguza chumvi" halafu ukamwachia chakula kisicho na ladha ni kumtega. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walijaribu njia nyingine: kundi dogo la watu wazima wakafundishwa kwa wiki 20 kupika kwa viungo na majani ya kunukia badala ya chumvi, wengine wakaachwa wajitegemee. Waliofundishwa walikuwa wakila pungufu kwa zaidi ya miligramu 900 za sodiamu kila siku, yaani gramu 2 na ushei za chumvi. Ni jaribio dogo, lakini linaniambia jambo ambalo maji ya manjano hayaniambii.

Lipo na jingine la Chuo Kikuu cha Pennsylvania State la mwaka 2021. Watu 71 wenye hatari ya magonjwa ya moyo walilishwa vyakula vilevile kwa awamu za wiki nne nne, tofauti ikiwa ni kiasi cha viungo: nusu gramu, gramu 3.3 au gramu 6.6 kwa siku, mchanganyiko wa vingi. Kiasi kikubwa kilishusha presha ya saa 24 kwa pointi 1.9 hivi ya namba ya juu kikilinganishwa na cha kati. Lehemu haikuguswa. Pointi mbili! Unaona ukubwa wa jambo lenyewe? Ni faida, na ni bure kwa mtu ambaye angepika hata hivyo, ila sio amlodipini.

Sasa linganisha na mabadiliko ya sahani nzima. Mwaka 1997 Marekani ilitoa matokeo ya DASH, jaribio la mlo wa kushusha presha. Watu wazima 459 walipikiwa kila kitu: kundi moja chakula cha kawaida, jingine mboga na matunda kwa wingi, la tatu mboga, matunda, jamii ya kunde, karanga, nafaka zisizokobolewa, maziwa yenye mafuta kidogo, samaki na kuku, huku nyama nyekundu na vitamu vikipunguzwa. Chumvi iliachwa sawa kwa wote na uzito haukuruhusiwa kubadilika, ili wajue ni chakula chenyewe kinachofanya kazi. Baada ya wiki 8 kundi la tatu lilishuka pointi 5.5 kwa 3 zaidi ya lile la kwanza, na waliokuwa na presha tayari walishuka 11.4 kwa 5.5. Hicho ni kiasi kinachokaribia kazi ya kidonge kimoja. Tazama kilichomo na kisichomo: hakuna aliyeacha nyama kabisa, na hakuna unga wa miujiza.

Sababu kubwa mojawapo ni nyuzinyuzi. Uchambuzi mkubwa uliofanywa na watafiti wa New Zealand kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, ukachapishwa mwaka 2019, uliona kuwa wanaokula nyuzinyuzi nyingi wana vifo na magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari na saratani ya utumbo mpana pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 kuliko wanaokula kidogo, na faida kubwa ilikuwa kwenye gramu 25 hadi 29 kwa siku. Kikombe cha dengu zilizopikwa kinakupa kama gramu 15. Kipande cha mkate mweupe hakifiki hata gramu moja. Nyuzinyuzi zile za kunata huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na zinazobaki huliwa na bakteria wa utumbo mpana, nao hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Kwa mtu wa kisukari hiyo ndiyo habari, kuliko kiungo chochote.

Kwa hiyo mpikie mzee dengu, na viungo vyake viingie humo. Pasha vijiko viwili vya mafuta, tia bizari nyembamba nzima. Ikianza kurukaruka na kunukia, sekunde 30 hivi, tia kitunguu maji mara moja, maana bizari ikiungua inakuwa chungu na sufuria nzima imeharibika. Kitunguu kikilainika tia tangawizi na kitunguu saumu ulichokiponda kabla, nusu kijiko cha chai cha manjano, giligilani ya unga, nyanya. Kurkumini inapenda mafuta, kwa hiyo hapa inayeyuka pale ambapo kwenye maji ilituama. Kisha dengu zilizooshwa na maji. Zikiiva, epua, kamulia ndimu, onja, ndipo utie chumvi. Utaratibu huo nausisitiza: uchachu huuhadaa ulimi kwamba chumvi ipo, ukiweka chumvi kwanza utaweka maradufu, na ndimu ikiingia mapema dengu hazilainiki. Kama tumbo la mzee halijazoea, anza na nusu kikombe kila siku ya pili, la sivyo gesi itamfukuza kwenye sahani kabla ya wiki kwisha.

Mdogo wako yuko karibu na ukweli, ila amekata kona. "Mimea" ni neno pana. Viazi vya kukaanga, mkate mweupe na soda vyote havina nyama hata chembe. Watafiti wa Harvard waliotenganisha mlo wa mimea mzuri na mbaya waliona, mwaka 2017, kuwa ule wa nafaka nzima, mboga, matunda, kunde na karanga ulikwenda pamoja na magonjwa ya moyo machache, na ule wa sukari na nafaka zilizokobolewa ulikwenda pamoja na mengi zaidi. Mzee akipenda kuacha nyama aache, akipenda kubaki na samaki mara mbili kwa wiki abaki. Kwangu muhimu ni nini kinajaza nusu ya sahani.

Lakini akiacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa, lazima apate vitamini B12 ya kidonge au ya chakula kilichoongezewa, kwa sababu mimea haina ya kutegemewa. Kwa mzee wako hili ni zito maradufu: metformini yenyewe, ikitumika kwa miaka, hupunguza B12 mwilini, na mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa ukumbusho juu ya hilo mwaka 2022. Upungufu wake huleta ganzi miguuni, na kwa mtu wa kisukari kila mtu husema "ni kisukari hicho" na kupita. Miaka saba ya metformini inatosha kuomba kipimo. Omba pia kipimo cha figo kabla ya kumjazia mboga, matunda na kunde, maana figo zikiwa dhaifu potasiamu iliyomo humo inaweza kupanda hadi kuhatarisha moyo. Hapo mlo hupangwa kwa namna nyingine.

Umeuliza kama chakula kinaweza kuchukua nafasi ya dawa. Kwa baadhi ya watu, ndiyo, na sitakuficha. Uingereza katika jaribio la DiRECT, watu wenye kisukari aina ya pili kisichozidi miaka 6 waliwekwa kwenye mlo wa kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, halafu wakarudishwa kwenye chakula taratibu. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 walikuwa wametoka kwenye kisukari bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya wenzao wa matibabu ya kawaida. Waliopungua kilo 15 na zaidi, 86 kati ya kila 100. Dawa zao zilisimamishwa tangu mwanzo, naam, lakini na watu wa afya waliokuwa wakiwaona na kuwapima mara kwa mara, na kilichofanya kazi ni uzito ulioondoka. Mzee ana mwaka wa saba, kwa hiyo nje kidogo ya kundi hilo. Kama ana uzito wa kupunguza, ni swali la haki kabisa kumpelekea daktari wake, kwa maneno hayohayo: "Nikipungua kilo kadhaa na namba zikishuka, utanipunguzia dawa?" Wengi hufurahi kuulizwa hivyo. Daktari akijua mlo umebadilika atapanga vipimo vya karibu, na hilo lina umuhimu wa pekee kwa wanaotumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho, kwani sukari yao inaweza kushuka ghafla.

Kikombe cha asubuhi usimnyang'anye. Mzee amepata kitu anachokifanya kwa mkono wake kwa ajili ya afya yake, na ukikitukana utaipoteza hiyo nia pamoja na kikombe. Mpe tangawizi mbichi iliyopondwa na kijiti kidogo cha mdalasini, wa Ceylon ukiupata, bila sukari, anywe na vidonge vyake kama daktari atakavyoelekeza. Manjano na kitunguu saumu vihamie jioni kwenye dengu.

Ukimaliza kumpima, niandikie: presha yake, HbA1c, kipimo cha ini, cha figo na B12, uzito na urefu. Na fungua kopo lake la mdalasini uniambie kama kuna vijiti, vimejikunja vipi.